Warumi walisema "hii ni yetu": tashtiti ya kishairi ilianzia wapi? (Uzi mrefu, leteni viti)

Mwanaseminari Mstaafu (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye ule uzi wa mipasho kuna mdau aliandika kwamba Warumi hawakuwa na chao: miungu waliazima kwa Wagiriki, tamthilia wakaazima, falsafa wakaazima, hata namna ya kujilaza wakati wa kula. Nikasema nitarudi na jibu, mkanicheka kwamba nimeingia mitini. Nilikuwa natafuta daftari langu la Kilatini la seminari. Panya wamelila pembe mbili, katikati liko salama.

Sehemu kubwa ya ile hoja siikatai. Ila kuna kitu kimoja Warumi waligoma kabisa kumrudishia Mgiriki. Quintilianus, mwalimu wa ufasaha wa karne ya 1 BK, aliandika orodha ndefu ya waandishi wa kusomwa na kijana anayetaka kuwa msemaji: Wagiriki upande huu, Walatini upande ule. Kwenye tenzi za mashujaa anamwinamia Homer. Kwenye tanzia anawainamia Sophocles na Euripides. Akifika kwenye *satura*, yaani shairi la kukejeli tabia za watu na wakubwa wao, kifua kinatoka mbele: *satura quidem tota nostra est*. Satura lakini, hiyo ni yetu yote.

Alikuwa na haki ya kujigamba? Maana kukejeli hakukuanza na Mrumi. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua kumwigiza mjomba wake anavyokoroma.

Nitaweka vipande vipande, naandika kwa simu na umeme huku kwetu ni wa kubahatisha.

Chapati ya Juzi

Nimeweka kiti mstari wa mbele. Tiririka mkuu.

Nahodha254

Kwetu darasani tuliita tashtiti, nyinyi wa Bongo mnasema kejeli, yote sawa. Nina swali la Aristophanes, yule Mgiriki wa vichekesho vya jukwaani, lakini nalificha kwanza, umalize.

BintiPangani

Shikamoo Mstaafu. Mimi nilisoma mahali kwamba jina lenyewe linatokana na wale satiri, viumbe wa Kigiriki nusu mtu nusu mnyama wanaofuatana na mungu wa mvinyo. Kama ni hivyo basi hata jina ni la Mgiriki na kesi imeisha.

Mwanaseminari Mstaafu

Marahaba binti. Kesi haijaisha, ila hujakosea peke yako. Ulaya nzima ilikosea hivyo kwa karne nyingi. Waliliandika neno *satyra*, kwa y, wakaamini linatoka kwa hao viumbe, na washairi wengine wakadhani ni lazima shairi la aina hii liwe chafu na la kukwaruza kama manyoya ya mbuzi. Mwaka 1605 kule Paris, msomi Isaac Casaubon akatoa kitabu kizima cha kutenganisha mambo mawili: mchezo wa kuigiza wa Kigiriki wenye hao satiri, na shairi la Kirumi liitwalo satura. Hayahusiani.

Diomedes, mwanasarufi wa karne ya 4 BK, alikusanya maelezo manne ya jina. La kwanza ni hilo la satiri, tuliache. Matatu yaliyobaki yote yanatoka kwenye *satur*, maana yake aliyeshiba, kilichojaa tele.

Kuna *lanx satura*, sinia lililoshiba malimbuko ya kila aina, ambalo watu wa kale waliwapelekea miungu. Kuna mjazo wa jikoni, na hapa Diomedes anamnukuu Varro, msomi wa Kirumi, mpaka na viungo vyake: zabibu kavu, shayiri iliyokobolewa, mbegu za msonobari, vyote vinanyunyiziwa divai iliyochanganywa na asali, wengine wanaongeza punje za komamanga. Halafu kuna sheria iitwayo satura, ambamo mambo mengi yasiyohusiana yamesokotwa kwenye muswada mmoja ili yapigiwe kura kwa mpigo. Ujanja huu uliwaudhi Warumi kiasi kwamba mwaka 98 KK wakaupiga marufuku kwa sheria maalumu.

Kwa hiyo picha ya mwanzo ya neno hili haina kejeli ndani yake. Ni mchanganyiko tu. Ukisema "natunga satura" maana yake "natunga kitabu cha hiki na kile".

Kalamu Nyeusi

Kumbe ile "Marekebisho ya Sheria Mbalimbali" ya bungeni kwetu ni satura halisi. Wangekuwa Roma wangeshtakiwa.

Chapati ya Juzi

Mimi nimeng'ang'ania kwenye ule mjazo. Zabibu, asali, komamanga... naona kama mtu alikosea pilau akaamua kuivumilia.

Ngoma ya Mwisho

Mstaafu unazunguka. Kukejeliana kila taifa lina kwake. Sisi tuna utani wa makabila: unaenda msibani, mtani wako anakutukana mbele ya maiti, unacheka na hela unatoa. Warumi walikuwa na nini cha kujisifia hapo?

Mwanaseminari Mstaafu

Swali zuri, na Warumi wenyewe walikuwa na utani huo huo. Kwenye harusi na kwenye sherehe za mavuno waliimbiana mashairi ya kuchafuana yaliyoitwa ya Fescennium. Jemadari akirudi mshindi, askari wake mwenyewe walimwimbia matusi barabarani huku yeye yuko juu ya gari lake la ushindi, amepakwa rangi usoni. Julius Caesar, mwaka 46 KK, vijana wake walimfuata wakiimba: watu wa mji, fungieni wake zenu ndani, tunamleta mzinzi mwenye upara! Caesar akapita hivyo hivyo mbele ya Roma nzima. Mtani wako msibani ni cha mtoto.

Livius, mwanahistoria, anataka kulifunga hilo na asili ya tamthilia. Anasema mwaka 364 KK tauni ilikaza mjini, wakaleta wachezaji kutoka Etruria wacheze kwa zumari ili kuwatuliza miungu. Vijana wa Kirumi wakawaiga, wakaongeza kutupiana maneno ya mzaha, baadaye yakawa maonyesho yenye muziki aliyoyaita *saturae*, mpaka Livius Andronicus (huyu ni mwingine) alipoleta mchezo wenye kisa kamili. Ni simulizi tamu. Mimi siipi uzito mkubwa, maana Livius anaandika zaidi ya miaka mia tatu baada ya tukio, na inapendeza kupita kiasi, kila kitu kinazaa kingine kwa zamu kama nasaba ya kifalme.

Tofauti na utani iko hapa: utani una siku yake. Jua likizama, yule askari aliyemwita Caesar mzinzi anarudi kupiga saluti. Hakuna anayeweka jina lake chini ya wimbo ule. Satura ni mtu mmoja, kwa jina lake, anaandika, na kesho kitabu kipo.

Ngoma ya Mwisho

Hapo umenipata. Endelea.

Mwanaseminari Mstaafu

Wa kwanza tunayemjua kuita kitabu chake *Saturae* ni Quintus Ennius. Alizaliwa 239 KK huko Rudiae, kwenye kisigino cha Italia, na alikuwa akisema ana mioyo mitatu kwa sababu alijua Kigiriki, Kioski (lugha ya kusini mwa Italia) na Kilatini. Cato Mzee ndiye aliyemtoa Sardinia na kumleta Roma mwaka 204 KK, na hapo akaishi kwa kufundisha na kuandika. Sifa yake kubwa ni *Annales*, utenzi wa historia ya Roma. Saturae ilikuwa kapu lake la pembeni. Bahari za ushairi za kila aina, mada za kila aina. Mahali fulani Uhai na Mauti wanabishana kama mawakili. Mahali pengine anasema nyani, mnyama mbaya kuliko wote, anavyofanana na sisi!

Kisa kimoja cha humo tunakijua vizuri kwa sababu Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa baadaye, alikisimulia upya. Kipozamataza mwenye kishungi amejenga kiota kwenye shamba la ngano, ngano imeiva, makinda hayajaota manyoya ya kuruka. Kila akitoka kutafuta chakula anawaambia: sikilizeni mwenye shamba atasema nini. Siku ya kwanza mwenye shamba anamwambia mwanawe, "Kawaite marafiki, kesho waje watusaidie kuvuna." Makinda yanatetemeka. Mama anasema, laleni. Kesho yake marafiki hawakutokea. Mzee anasema, "Basi waite ndugu." Makinda yanalia tena. Mama anasema, laleni. Ndugu nao hawakutokea. Siku ya tatu mzee anasema, "Leta mundu mbili, moja yangu moja yako, kesho tunavuna wenyewe." Mama akasikia hilo tu: "Haya wanangu, sasa tunahama."

Kisha Ennius anaweka mistari miwili ya mwisho: shika hili liwe karibu nawe siku zote, usingoje marafiki kwa jambo unaloweza kulifanya mwenyewe.

BintiPangani

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Bibi yangu angekwambia hicho kisa ni chake.

Mwanaseminari Mstaafu

Na bibi angekuwa karibu na ukweli, Ennius mwenyewe alikitoa kwa Aesop. Ila angalia, hakuna anayeumia pale. Satura ya Ennius ina mafunzo, ina utani, inajicheka yenyewe. Kuna mstari wake mmoja ninaoupenda: *numquam poetor nisi podager*. Situngi mashairi ila nikiwa na jongo. Jongo ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu kuvimba, wa watu wa nyama na mvinyo. Meno bado hayajaota.

Mzee wa Mizani

Huo mstari unataka kutiwa kwenye mizani. Nitaufanyia kazi usiku.

Chapati ya Juzi

Sasa meno yaliota lini? Tupe mwenye meno.

Mwanaseminari Mstaafu

Umeme ulikatika, samahani. Mwenye meno huyu hapa, na kama mtasoma bandiko moja tu humu, lisomeni hili.

Gaius Lucilius. Kazaliwa Suessa Aurunca, Campania. Jerome anaandika alizaliwa 148 KK, lakini mwaka 134 KK tunamkuta Hispania, kwenye vita vya Numantia, mpanda farasi katika jeshi la Scipio Aemilianus. Mtoto wa miaka kumi na minne? Ndiyo maana wasomi wengi wanamrudisha nyuma hadi karibu 180 KK. Aliandika vitabu 30. Mkononi mwetu imebaki mistari kama 1,300 hivi, mingi imekatika kama vigae.

Kabla yake, washairi wa Roma walikuwa watu gani? Livius Andronicus alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Terentius, vivyo hivyo, tena aliletwa kutoka Afrika ya Kaskazini. Ennius, mgeni aliyeletwa na mkubwa. Watu wa kula kwa watu. Ulimi wao ulikuwa na mipaka, na mipaka yenyewe ilikuwa ya kisheria: Mbao Kumi na Mbili, sheria za kale za Roma za karibu 450 KK, ziliweka adhabu ya kifo kwa wimbo wa kumvunjia mtu heshima. Naevius, mshairi wa kizazi kabla ya Ennius, alitunga mstari mmoja tu: akina Metellus wanakuwa makonsuli (wakuu wa dola) Roma kwa kudra. Dongo dogo hilo, maana yake hawakustahili. Wakamjibu kwa mstari wao: akina Metellus watampa Naevius mshairi adhabu. Na inasimuliwa kwamba alitupwa gerezani.

Miaka kama themanini baadaye Lucilius naye akamgusa Metellus, wa ukoo ule ule, konsuli na jemadari. Hakwenda gerezani. Alikwenda kula chakula cha jioni.

Kwa nini? Kwa sababu alikuwa tajiri wa tabaka la wapanda farasi, ana mashamba yake, cheo hakutafuta, na rafiki yake alikuwa Scipio aliyeiteketeza Carthage mwaka 146 KK. Horace, mtunzi wa satura aliyekuja baadaye, anatuonyesha jinsi Scipio na rafiki yake Laelius walivyokuwa wakirudi nyumbani, wanalegeza mikanda, wanafanya upuuzi na Lucilius mpaka mboga iive jikoni. Mfafanuzi mmoja wa kale anaongeza picha ambayo siwezi kuisahau: Laelius, mtu aliyekuwa konsuli, anakimbia kuzunguka vitanda vya chumba cha kulia, Lucilius anamfukuza na kitambaa cha mezani alichokisokota kama mjeledi.

Mtu anayemfukuza konsuli kwa kitambaa ndiye anayeweza kuandika jina la seneta kwenye shairi. Kwangu mimi chimbuko la satura ni hapo kwenye kile chumba cha kulia kuliko kwenye sinia la malimbuko.

Kalamu Nyeusi

Kwa hiyo uhuru wa kusema ulikuwa wa mwenye mashamba na rafiki jemadari. Sishangai.

BintiPangani

Tuonyeshe hilo dongo lenyewe basi. Alisema nini?

Mwanaseminari Mstaafu

Mifano miwili.

Kuna Lentulus Lupus: alikuwa konsuli mwaka 156 KK, akahukumiwa kwa kula mali za watu wa mkoani, halafu, msicheke, mwaka 147 KK akachaguliwa kuwa sensori, yule mkubwa wa kusimamia maadili ya taifa. Lucilius akamwandikia baraza zima la miungu. Miungu wanakaa juu huko kama maseneta, wanajadili Roma itaokolewaje, na wanafikia kwamba Lupus afe. Kuna mstari unasema, Lupus, samaki wanakuua na mchuzi wa kambale. Sasa kwa Kilatini neno *ius* lina maana mbili, mchuzi na sheria. Jaji mlafi anauawa na mchuzi, au anauawa na sheria, chagua mwenyewe. Kwa Kiswahili utani huo unamwagika wote, nimejaribu miaka mingi.

Wa pili ni Titus Albucius, Mrumi aliyekuwa anajifanya Mgiriki. Mavazi, lugha, kila kitu. Scaevola, mkubwa wa Kirumi, akapita Athens na msafara wake, akakutana naye. Lucilius anamfanya Scaevola asimulie hivi: wewe Albucius ulipenda uitwe Mgiriki kuliko Mrumi na Msabini, basi na mimi nikakusalimu ulivyopenda: *Chaere, Tite!* Na walinzi wangu wote, kikosi kizima, wakapokea: *Chaere, Tite!* Tangu hapo Albucius ni adui yangu.

Hebu liweke mbele ya macho. Barabarani, mchana, jamaa kavaa Kigiriki, kikosi kizima kinamsalimia kwa Kigiriki kwa sauti moja. Hakuna tusi hata moja. Mwaka 119 KK Albucius akamfikisha Scaevola mahakamani kwa madai ya kupora jimbo. Scaevola akashinda, na Lucilius akaipa kesi hiyo kitabu chake cha pili.

Chapati ya Juzi

Hahaha. Kuna jamaa mtaani kwetu alikaa Ulaya miezi minane, akarudi hajui shikamoo. Vijana wa kijiweni wote sasa wanamwamkia kwa "haloo". Kumbe wanafuata kazi ya Lucilius.

Mzee wa Mizani

Hujatuambia aliandika kwa bahari gani. Kwa mtunzi hilo ndilo swali.

Mwanaseminari Mstaafu

Nilikuwa nalijia, mzee wangu. Vitabu vyake vya mwanzo (ndivyo vilivyopewa namba 26 hadi 30, waliopanga baadaye walipindua) vilianza kwa bahari za jukwaani, zile za vichekesho. Halafu akahamia heksameta, mstari wa vipigo sita, na hakuiacha. Vitabu 1 hadi 21 vyote ni heksameta.

Heksameta ni bahari ya Homer. Ndiyo bahari ambayo Ennius alimsimulia Romulus, mwanzilishi wa Roma, na vita vya Roma, na kwenye huo utenzi wa Ennius kulikuwa na baraza la miungu linalojadili Romulus apandishwe mbinguni. Lucilius akachukua bahari ile ile, baraza lile lile, akamkalisha Lupus mahali pa Romulus. Ni sawa na leo mtu achukue mwendo wa utenzi, wenye bismillahi mwanzoni na vita vya mitume katikati, autumie kumsimulia mheshimiwa na sahani yake ya samaki. Anayesikia anacheka kabla hata hajafika kwenye jina. Tangu yeye, watunzi wa satura waliomfuata, Horace, Persius, Juvenal, wote wa heksameta. Bahari ilikwama hapo.

Mzee wa Mizani

Sasa nimekuelewa. Utenzi wa samaki.

Nahodha254

Sawa, sasa zamu yangu. Horace mwenyewe, kwenye satura yake ya nne ya kitabu cha kwanza, anaanza na Eupolis, Cratinus na Aristophanes. Anasema hao Waathene wa vichekesho walimtaja kwa jina kila mwizi na kila mzinzi, na kwamba Lucilius ametoka kwao, alibadilisha mizani tu. Horace alikuwa karibu naye kuliko Quintilianus. Halafu Archilochus, mshairi wa Kigiriki, je? Alikuwa anachamba kwa mashairi karne ya 7 KK, Roma bado ni vijumba vya nyasi. "Yetu yote" inatoka wapi?

Na kitu kingine. Kwenye lile baraza la miungu, Lupus si alikuwa ameshakufa? Unasifia ujasiri wa kumchamba maiti.

Mwanaseminari Mstaafu

Umenibana. La Lupus nakubali, kitabu cha 1 kiliandikwa ameshazikwa, ilibidi niseme mapema. Lakini Horace anauliza kama Scipio na Laelius waliudhika Lupus alipofunikwa kwa mashairi ya aibu, na Scipio alikufa 129 KK, kwa hiyo inaonekana madongo yalianza mapema zaidi ya lile baraza. Na Metellus, Albucius na Scaevola walikuwa hai, wanatembea mjini.

La Aristophanes: ndiyo, ujasiri wa kutaja majina unafanana, na nadhani Lucilius aliwasoma. Lakini Aristophanes ana jukwaa, kwaya, vinyago, tamasha la mji na zawadi. Anazungumza kupitia wahusika. Lucilius hana mhusika. Anasema mimi. Leo anasimulia safari yake ya Sicily, njia ya tope na milima. Kesho anafundisha tahajia, naam, kuna kitabu humo kinabishana herufi zipi zirudiwe. Kesho kutwa anamchamba seneta. Horace anasema maisha yote ya mzee yako wazi mle kama yamechorwa kwenye ubao. Archilochus naye anasema mimi, lakini kwake ni ugomvi wake na adui zake. Lucilius anaupiga mji mzima: wakubwa kwanza, kisha raia, kabila baada ya kabila.

Kwa hiyo kila kipande unaweza kumwonyesha Mgiriki wake. Kapu zima, hapana, silioni kwao. Nadhani ndicho Quintilianus alichomaanisha kwa "yote".

Nahodha254

Nusu nakubali, nusu naweka mfukoni. Horace atakushtaki.

Mwanaseminari Mstaafu

Horace mwenyewe alikuwa na yake na Lucilius. Alisema mzee anatiririka kama mto wa tope, na kwamba alikuwa anatunga mistari mia mbili kwa saa, amesimama mguu mmoja, akiona ni jambo kubwa.

Ngoma ya Mwisho

Na hakuna aliyemchamba Lucilius mwenyewe? Mchamba watu naye huchambwa.

Mwanaseminari Mstaafu

Alichambwa, na alivyofanya baada ya hapo mtampenda. Mwigizaji mmoja alimtukana kwa jina jukwaani. Lucilius, mtu aliyewavua nguo nusu ya seneti, alikwenda mahakamani! Hakimu Gaius Caelius akamwachia huru yule mwigizaji. Mshairi mwingine, Accius, alifanyiwa vile vile, akashtaki, na hakimu wake akamtia hatiani mtukanaji. Kesi mbili hizo zimewekwa bega kwa bega kwenye kitabu cha kale cha ufasaha. Sababu za hukumu hazikuandikwa humo. Mimi najiwazia tu uso wa hakimu wakati Lucilius analalamika kwamba ametajwa jina hadharani.

Kalamu Nyeusi

Hii imenilipia bando la leo.

BintiPangani

Waliomfuata walipata ulinzi ule ule?

Mwanaseminari Mstaafu

Hapana, na inaonekana kwenye kurasa. Horace, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, anatoa kitabu cha kwanza karibu 35 KK, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo yeye alipigana upande ulioshindwa. Anauma vijitu vidogo. Cha pili anakianza kwa kumwendea mwanasheria Trebatius: nifanye nini? Trebatius anamwambia, acha kuandika. Anasema silali nisipoandika. Basi vuka Tiber mara tatu kwa kuogelea, usiku kunywa mvinyo. Akikataa anakumbushwa kuna sheria dhidi ya mashairi mabaya. Horace: mabaya sawa, lakini mtu akitunga mazuri?

Juvenal, mwanzoni mwa karne ya 2 BK, ndiye mkali kuliko wote kwa sauti. Anamkumbuka Lucilius kama mtu aliyechomoa upanga. Halafu mwisho wa shairi lake la kwanza anatangaza atawashughulikia wale tu ambao majivu yao yamefunikwa kando ya barabara za Flaminia na Latina. Makaburini.

Nahodha254

Ahaa! Kumbe maiti wangu wamerudi.

Chapati ya Juzi

Swali la mwisho. Horace yupo mzima, Juvenal mzima. Huyu mwanzilishi mbona vigae tu?

Mwanaseminari Mstaafu

Vitabu 30 vilikuwa vingi kunakili kwa mkono, na Kilatini chake kikawa cha kizee. Walioviokoa ni watu wa kamusi. Nonius Marcellus, Mwafrika wa Thubursicum, Algeria ya leo, alitunga kamusi ya maneno adimu na kila neno akalitolea mfano, na mifano mingi ni ya Lucilius. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tulichonacho ni mistari iliyokuwa na neno la ajabu. Dongo lililoandikwa kwa maneno ya kawaida, ambalo labda ndilo lililochekesha zaidi, lilipotea.

Mzee wa Mizani

Nimemaliza kazi yangu ya jongo. Mizani nane kwa nane:

*Shairi haliji kwangu, mguu usipovimba.*

Chapati ya Juzi

Na mimi nimejaribu, msinicheke:

*Sishiki mie kalamu, hadi jongo liniume.*

Ngoma ya Mwisho

Ya Chapati imeshinda, ina jongo lenyewe. Halafu mzee, "mguu usipovimba" mbona naona saba? Mguu si mbili, m-guu?

Mzee wa Mizani

Kijana, hesabu kwa vidole. M. Gu. U.